Mashine ya Baba Zuena

Sheria inamruhusu kila marehemu kukaa kwenye kompyuta moja tu, ile aliyoitumia akiwa hai. Kwa hiyo mume wangu Hizza yuko mezani kwetu hapa Korogwe, ndani ya laptopu kuukuu ambayo feni zake haziundwi tena.

Ilipoanza kuchemka niliifungua mwenyewe, nikapuliza vumbi, nikatia tone la mafuta ya cherehani. Feni ilizunguka kidogo, ikakwama. Basi nikawa naweka kiganja chini ya mashine huku tukiongea. Akizungumzia mvua, inabaki vuguvugu. Akimtaja binti yetu Zuena, inaunguza.

Nilipomwambia Hizza kwamba Zuena ana mimba, alicheka, na mashine ikazimika katikati ya kicheko. Ilipowaka, habari ile ilikuwa imemtoka.

"Akizimika tena hivyo, mama, haamki," fundi aliniambia.

Jana Zuena alikuja na mtoto wa kiume. Amempa jina la baba yake, Hizza.

"Mama Zuena, kuna jipya?" Hizza aliuliza leo asubuhi.

"Hakuna. Mvua tu."

"Siku hizi umekuwa mchoyo wa maneno. Au umepata mzee mwingine?"

"Nani atanitaka, na kelele zako hizi mezani?"

Chumbani mtoto akaanza kulia.

"Wa nani huyo?"

"Wa jirani."

"Ana mapafu ya nguvu, huyo. Mwambie mama yake amnyonyeshe."

"Nitamwambia," nikajibu, kiganja changu kikiwa chini ya mashine. Ilikuwa vuguvugu tu.