Tonge la Nne

Baba mkwe alikuwa akifinyanga matonge ya wali na ufuta mweusi, ya kuwapa kunguru kwa niaba ya marehemu: baba yake, babu yake, na baba wa babu. Kisha akafinyanga la nne.

"Revati, mwache mzee!" mama mkwe aliniambia akicheka, kutoka jikoni. "Mwalimu wake wa kwenye simu anamfundisha kusawazisha malengo manne ya maisha. Wajibu, mali, raha, vyote kamaliza. Kabakiza ukombozi! Aanze kuzikomboa sufuria zangu na masizi."

Sikucheka. "Baba, hili la nani?"

Alilainisha tonge kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepapasa utosi wa kitoto kichanga.

"Langu, mwanangu. Anayeiacha dunia kutafuta ukombozi hujitolea tonge kama aliyekwisha kufa. Kunguru akilila, naondoka nyumbani."

"Mwambie chai inapoa!" mama mkwe aliita.

Kunguru akashuka ukutani, akayaruka yale matatu.