Mtaro wa Mtaa

Maji yalirudi nyuma. Zawena aliyaona yakigeuka uani kwake na kuanza kupanda kizingiti, ingawa mtaro ulikuwa safi. Mtaro huo aliuchora yeye: mpana, umepandwa matete, unakatiza nyua za mtaa mzima hadi bwawani, ili mvua kubwa zisilale tena ndani ya nyumba za watu. Ili upite, alibomoa jiko lake mwenyewe. Hidaya, shoga yake wa nyumba ya chini, ndiye aliyemshikia kamba siku ya kupima.

Akawapandisha watoto juu ya meza, akachukua sururu, akaufuata mtaro.

Uliishia kwenye ukuta wa Hidaya. Tundu la maji lilikuwa limezibwa kwa matofali mapya. Zawena akazunguka, akaingia mlangoni. Juu ya njia ya maji palisimama jiko la bati jipya, na Hidaya anakaanga maandazi.

"Karibu shoga! Mbona umelowa hivyo?"

"Kamba uliishika wewe, Hidaya."

"Niliishika, ndiyo. Lakini kwangu mafuriko hayajawahi kufika, ukuta huu huyazuia. Nipoteze uwanja kwa ajili ya nani?"

"Wanangu wako juu ya meza."

"Si uwalete hapa? Huku pakavu."

Zawena aliinua sururu. Hidaya akaacha maandazi yaungue, akauegemea ukuta kwa mgongo, mikono ameitanua. Nyuma yake maji yalianza kupenya kati ya matofali, yakamlowesha kanga taratibu.