Chembe Changa

Daktari Wakgari alifunga mlango kwa ufunguo kabla ya kusema lolote.

"Keti, mwanangu."

"Nimeketi tangu saa tatu, Daktari. Niambie tu kama nakimbia au sikimbii."

Mbio za Jumapili za Addis Ababa ndizo zingeamua nani apelekwe nje. Kocha alikuwa ameagiza kila mkimbiaji wake wa Asella apimwe damu kwanza, maana sindano za kuongeza pumzi zilikuwa zimeingia mjini kimyakimya.

Daktari aligeuza karatasi. "Mtu akijidunga dawa ile, chembe nyekundu zilizo changa hufurika kwenye damu. Ndizo kocha alizotaka nizitafute. Hapa ziko chache, za kawaida. Barua yake hii: huna dawa mwilini."

Dursitu alicheka. "Sasa mlango umeufungia nini?"

"Kuna changa nyingine, nyeupe. Hizo hukaa ndani ya mifupa mpaka zikomae, kama mtoto tumboni. Hapa zimetoka kabla ya siku zake, tena zimejaa." Akavua miwani. "Ni saratani ya damu, mwanangu. Ukilazwa wiki hii, kuna matumaini. Ukichelewa, siwezi kukuahidi hata mwezi."

Kicheko kilimkauka.

"Hutokwi na damu puani? Huchoki ukipanda ngazi?"

"Leo asubuhi nimekimbia kilomita thelathini," alisema polepole. "Vijana wa kiume nimewaacha wanatapika."

Daktari alikunja uso. Alisoma tena kibandiko cha chupa: Dursitu, na jina la baba, Badhaso. "Jumanne sikuwepo, damu ilichukuliwa na nesi mgeni. Huenda amechanganya chupa. Lete mkono tupime upya."

Dursitu aliuvuta mkono, akauficha chini ya shuka aliyojitanda. "Hapana. Mara moja imetosha."

"Loo! Mkimbiaji mzima anaogopa sindano?"

Dursitu alitazama barua ya kocha mezani, kisha sakafu.

"Kocha utamwambia?"

"Ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Yeye nampa barua hii tu. Lakini niapie kwamba kesho utarudi."

"Wallahi, nitarudi."

Alitembea mpaka nyumbani, yeye ambaye njia ile hakuwahi kuipita ila kwa kukimbia. Mara mbili alisimama akageuka kuangalia alikotoka. Mara mbili akaendelea.

Mdogo wake, Lelise, alikuwa jikoni akikaanga buni. Wawili hao walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu utotoni, na watu wengi walishindwa kuwatofautisha.

"Umekawia, Dada. Walikubana nini?"

"Maswali tu."

Lelise aliweka kikaango chini, akapangusa mikono. Alishusha sauti, jirani asisikie.

"Haya, niambie. Damu yangu imefaulu?"

"Imefaulu," alisema Dursitu. "Jumapili nakimbia."