Kichupa cha Mposaji

Mzee Bartolomayo alikifungua kichupa, akakitemea baraka, kisha akakifunga tena kwa nguvu.

Angelina, bintiye, alikuwa amekiacha mezani kabla ya kurudi kazini Dodoma mjini. Kilikuwa na maji kidogo chini, na ubavuni kimeandikwa jina la Joel, kijana aliyemposa kupitia mshenga. Mzee hakumpenda Joel, ingawa hajapata kumwona. Lakini hakuna kitu kilichowahi kutoka katika nyumba ile ya Bahi, iwe mbegu au mbuzi wa mnada, bila kutemewa mate na mwenye nyumba, na Mzee hakuwa mtu wa kuvunja desturi kwa sababu ya chuki. Akamkabidhi mwendesha bodaboda akipeleke chuo kikuu.

Kosa la Joel lilikuwa moja: hakuwa na ukoo wa kuchunguzwa. Alilelewa katika kituo cha yatima, na sasa alikuwa fundi wa reli huko Gulwe. Kwa kuwa hapakuwa na babu wala shangazi wa kuulizwa, Mzee aliamuru yaulizwe mate. Yudith, binti wa mdogo wake, alifundisha takwimu chuoni, na alijua kukadiria maumbile ya mtu kutokana na vinasaba vilivyomo katika mate yake. Majibu yakiwa mabaya, hakuna ndoa.

Majuma kadhaa baadaye Yudith alikuja na majibu. Mama Ruthu alimimina chai: ya maziwa kwa mgeni, ya rangi kwa mumewe, ambaye aliacha maziwa tangu ujana wake, kwa kujinyima, kama alivyopenda kueleza.

"Baba Mkubwa, hili ni kadirio, si hukumu," Yudith alianza. "Tunajumlisha alama ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, na kila moja ina uzito mdogo mno. Chakula na malezi navyo vina sehemu yake."

"Soma, mwanangu. Hukumu niachie mimi."

"Kimo: huenda ni mfupi kuliko wanaume wengi. Upara: uwezekano mkubwa, tena mapema. Na maziwa yatamsumbua tumbo."

Mzee aliivuta hadi kwenye nyusi kofia yake, ambayo aliivua kanisani tu.

"Mfupi, mwenye kipara, tena wa kukimbizwa chooni na kikombe cha maziwa. Ni baba gani mwenye akili timamu angemwoza binti yake mtu wa namna hiyo?"

"Yupo mmoja ninayemfahamu," alisema Mama Ruthu, akiliinamia birika.

"Basi shauri limekwisha." Mzee alisimama, na Yudith naye akasimama; ncha ya kofia ya Mzee ilifika sikioni mwake. "Mwambieni Angelina kwamba damu hiyo haitaingia katika nyumba hii maadamu mimi ni hai."

Hodi ilisikika. Kijana mmoja aliinamisha kichwa asigonge kizingiti cha juu, nywele zake nyingi zikiwa bado na vumbi la safari.

"Shikamoo, Baba. Mimi ndiye Joel. Niwie radhi kwa kuchelewa. Mafuriko yaliharibu njia ya reli, na hatukupata ruhusa mpaka leo. Angelina alisema ameniachia hapa mezani kichupa cha kutemea mate."