Katoto ka Mahindi

Joyeuse alikuwa anang'oa nywele za katoto kake, moja moja, na mi sikumukataza.

Katoto kenyewe kalikuwa hindi bichi tu, lenye nilivuna kwa shamba letu kule Sandoa mbele ya kuja hapa hopitali ya Kolwezi. Zile ndevu zake nilizisuka vizuri, nikakavalisha kipande cha kitenge, kama vile mama alikuwa ananitengenezea zamani. Nilizani Joyeuse, mujukuu wangu mwenye ananiitaka nkambo, atafurahi. Dawa ya kansa ilimaliza nywele zake zote, na hakuwa anaongea tena na mutu.

Mama wa hopitali, mwenye kazi yake ni kucheza na batoto bagonjwa, alikuwa ameniambia: "Nkambo, mumuache acheze namna anataka. Musimuambie ajikaze."

Na mi ndiyo neno langu hilo! Kila sindano, namuambia: "Jikaze, mama."

Sasa kichwa cha katoto kilibakia kitupu kama cha Joyeuse. Akakamata kijiti, akakachoma ubavuni.

"Jikaze, mama," akakanongoneza. "Usiseme inauma. Nkambo atalia."

Mikono yangu ikakosa pa kwenda. Nilitaka kumukumbatia, nikajizuia. Nikakachukua kale katoto, nikafanya sauti ndogo kama ni kenyewe kanaongea.

"Inauma," nikasema. "Inauma sana."

Joyeuse akaniangalia usoni, akitafuta machozi. Yalikuwa yanashuka. Hakushituka. Akayapangusa na kale ka kitenge, kisha akapandisha mukono wa nguo yake, mpaka pale banamuchomaka sindano.

"Hata mi," akasema.