Shingo ya Mwanaheri

Kwa wiki tatu Bi Riziki alimkanda Mwanaheri shingo kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akiutafuta kila msuli kwa vidole mpaka ulegee. Tangu Mwanaheri ateleze kisimani, akiitwa aligeuka mwili mzima, na maji aliyachota kwa kidumu kidogo cha mkononi.

Leo Bi Riziki aliviringa kanga ikawa kata ya kichwani, akaijaza ndoo yake nyekundu pomoni.

"Njoo nikutwike."

"Bibi, itaniponyoka!"

"Mikono yangu naijua, mwanangu. Nenda mpaka langoni, urudi."

Mwanaheri akaenda, kaishika ndoo kwa mikono miwili. Katikati ya uwanja akaachia mmoja. Langoni akaachia wa pili. Jirani akamwita kutoka nyuma, naye akageuza shingo, shingo tu, akamwitikia. Halikudondoka hata tone.

Kisha akatoka nje.

"We, ndoo yangu!" Bi Riziki alipiga kelele, lakini hakumfuata. Alisimama kifua mbele, akiitazama ndoo nyekundu ikipita juu ya ua wa makuti, imetulia tuli, ikielekea sokoni kwenye watu.