Ukoko wa Chiduo

Mume wangu Chiduo amerudi na cheti cha usimamizi wa miradi, na mimi nina hasira.

Siku hizi hupewi cheti mpaka kwanza wakutoe kichwani uzoefu wote ulioupata bila cheti. Wanauita mazoea mabaya. Wanakulaza kitandani, wanafuta kila saiti ya ujenzi uliyowahi kusimamia, halafu wanakujaza ya vitabuni. Ukikataa, husimamii hata ujenzi wa banda la kuku. Na wanaofuta ni watu ambao hawajawahi kukanyaga zege bichi.

Chiduo alisimamia nusu ya maghorofa ya Dodoma. Huko saitini ndiko alikonikuta, nikiwa mama lishe. Wenzake waligombania nyama, yeye akaja na sahani yake kuomba ukoko. Kesho yake akaja tena, na tena, hadi alipokwenda kwa baba kuniposa.

Leo nimempikia wali, nikamkwangulia ukoko wote, nikamwekea mbele. Ameutazama, akausogeza pembeni kwa kidole.

"Mama Sechelela, mbona umenipa ulioungua?"

Nikamuuliza, "Baba Sechelela, mimi na wewe tulikutana wapi?"

Akafikiri kidogo. "Tuna cheti cha ndoa," akasema. "Kwani hakitoshi?"

Nilipoanza kulia akanishika bega kwa upole, kama mtu anayemfariji mgeni.

"Usijali, mke wangu. Mwezi ujao ni zamu ya wapishi."